Buji Namba Tano

Magari mengi ya mizigo yanayopita Keshero, kwenye barabara itokayo katikati ya Goma kwenda Sake, ni ya mazutu, yaani dizeli. Fuso, Canter, hata Hilux nyingi. Hayana buji za cheche. Yana buji za kupasha moto, ambazo hufanya kazi sekunde chache injini ikiwa baridi, kisha hupumzika mpaka kesho. Fundi aliyekulia kwenye magari hayo anaweza kumaliza miezi bila kushika buji ya cheche isipokuwa ya pikipiki au ya teksi. Kwa hiyo mwenye kamioneti kuukuu ya petroli amezungukwa na mafundi hodari ambao injini yake si kazi yao ya kila siku, na hilo hatalijua mpaka siku injini itakapoanza kukosa. (Buji, kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, ni plagi. Nitaiita kama wanavyoiita wenyewe.)

Dereva wa kisa hiki alikuwa mmoja wa hao wachache. Jina lake halitusaidii kitu. Gari lake lilikuwa Hilux yenye injini ya 22R: silinda nne, lita 2.4, kabureta, bila kompyuta yoyote ya kulaumu. Toyota ilianza kuifunga injini hiyo kwenye magari yake mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sifa yake ya uvumilivu si porojo. Dereva huyu alikuwa akipandisha sukari, chumvi na saruji Masisi, akishuka na viazi, kabichi na jibini. Hayo yalikuwa kabla ya vita kufika Sake mwanzoni mwa mwaka 2024, wakati shida kubwa ya barabara ile ilikuwa matope.

Injini ikaanza kukosa. Asubuhi ilitetemeka, ikakohoa moshi mweusi, ikatulia kidogo ikipata joto. Penye mzunguko wa Chukudu, akiwa kwenye msururu wa magari, ilizimika mara mbili na pikipiki zikampigia honi pande zote. Akaipeleka kwa kijana mmoja wa gereji ya jirani. Kijana akachomoa buji zote nne. Zilikuwa nyeusi tii, masizi makavu yanayopakaa kidoleni.

"Papa, hizi buji zimekufa," akasema. "Ulete zingine nne."

Buji hazikuwa zimekufa. Masizi meusi makavu kwenye ncha ya buji ni habari ya kilichotokea ndani ya silinda: petroli imezidi hewa, haikuungua yote, na iliyobaki imekuwa kaboni. Sababu zake kwa Goma hazihitaji kutafutwa mbali. Mji uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500. Huko juu kanieneo ya hewa ni kama asilimia 84 ya ile ya pwani, na kabureta iliyopimwa kwa usawa wa bahari haina habari kwamba imepandishwa mlimani. Inaendelea kumimina petroli ileile kwenye hewa iliyopungua. Ongeza vumbi. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, mitaa ya Keshero ni changarawe nyeusi ya lava, na miezi ya kiangazi vumbi lake huingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Chujio la hewa la gari linalofanya kazi humo halikai muda mrefu. Likiziba, injini hunyimwa hata ile hewa kidogo iliyokuwapo.

Buji zile nne, basi, zilikuwa shahidi, na shahidi akafukuzwa barazani kabla hajafungua mdomo. Angezigeuza na kuzitazama mchana kweupe, dereva angeona kwamba kingo za ncha bado zilikuwa kali, hazijaviringika kwa kuliwa na cheche, na pengo lilikuwa bado dogo. Buji ya nikeli ya kawaida hutarajiwa kwenda kilomita 20,000 hadi 30,000. Ikichafuka kabla ya hapo husuguliwa kwa brashi, huoshwa kwa petroli, hukaushwa vizuri na kurudishwa kazini. Lakini nani afanye hivyo wakati mtu wa gereji amekwisha kutamka kifo?

Akaenda Birere, kule maduka yalikobanana mpaka mpakani na Gisenyi. Buji za zamani aliziacha gereji, juu ya kopo la oili. Hilo ndilo kosa ambalo mimi huliona kubwa kuliko yote katika kisa hiki, kubwa hata kuliko yale yaliyokuja kupasua pistoni, kwa sababu lilikuwa rahisi mno kuliepuka.

"Buji za Hilux," akasema.

"Namba ngapi, papa?"

Alikumbuka kuona tarakimu moja katikati ya herufi, juu ya kaure nyeupe. "Tano."

Mwuzaji akapekua rafu. "Njo hii," akasema, akaweka mezani visanduku vinne. Kwenye kila buji palikuwa na W5DC. Tano ilikuwapo. Zilikuwa Bosch halisi, buji nzuri, na hesi zake zililingana na za injini ile kwa kila kitu: kipenyo cha milimita 14, urefu wa milimita 19, spana ileile ya 21. Kijana wa gereji alizizungusha kwa mkono zikaingia laini mpaka mwisho. Wote wawili wakaridhika. Imeingia, imekaa, injini imewaka.

Tarakimu ile ni namba ya joto, na hapa watu wengi huteleza. Wengi hudhani buji "ya moto" hutoa cheche kali zaidi. Cheche haihusiki. Kinachosemwa ni jinsi ncha ya buji inavyopoteza joto kwenda kwenye chuma cha injini. Buji ambayo kaure yake ya ndani ni ndefu hupoa polepole, nayo huitwa ya moto. Yenye kaure fupi hupoa upesi, nayo ni ya baridi. Ncha inapaswa kufikia nyuzi 450 hivi ili iunguze masizi yake yenyewe. Ikizidi 870 hivi, hugeuka kaa la moto linalowasha petroli kabla cheche haijapigwa. Kila injini ina buji inayoiweka ncha kati ya mipaka hiyo miwili. Injini yenye kasi na joto kali hutaka buji ya baridi, na injini ya taratibu kama 22R hutaka ya moto kiasi.

Sasa, viwanda havikukubaliana namna ya kuhesabu. Bosch wa Ujerumani, walioanza kutengeneza buji mwaka 1902, huhesabu namba ikipanda kuelekea moto. Champion wa Marekani nao vivyo hivyo. NGK wa Nagoya, kampuni iliyoundwa mwaka 1936, huhesabu kinyume: namba ikipanda, buji inazidi kuwa baridi. Denso nao huelekea upande huohuo wa Kijapani, ila kwa vipimo vikubwa zaidi, ambapo 16 yao ni sawa na 5 ya NGK, na 20 ni sawa na 6. Hivyo 5 ya NGK aliyoiona dereva wetu ingekuwa 8 kwa Bosch. Ile 5 ya Bosch aliyouziwa iko upande wa baridi zaidi. Alikuwa ameifungia injini ya taratibu, iliyokwisha kuzidiwa na petroli, buji iliyo baridi kwa hatua tatu.

Matokeo yake hayakuhitaji uganga. Ncha hazikupata joto la kujisafisha na masizi yakarudi haraka kuliko mwanzo. Baada ya siku chache gari lilikuwa likikosa hata likiwa limepata joto.

Akarudi gereji, na safari hii alikuwa na hasira, jambo lililomsaidia kidogo, maana aliiokota buji moja ya zamani kutoka juu ya kopo la oili, akaisugua kwa shati, akasoma maandishi yote, BPR5EY, kisha akaitia mfukoni. Hayo ndiyo anwani kamili ya buji ya 22R kwa NGK, na kila herufi ina kazi. B ni kipenyo cha hesi cha milimita 14. P ni kaure iliyochomoza ndani ya chumba cha moto. R ni kizuizi kilichofichwa ndani ili cheche isivuruge mawimbi ya redio. Hesi za milimita 19 ni E. Y ni mfuo mdogo kwenye ncha ya kati unaosaidia moto kushika. Ukipoteza R peke yake, injini isiyo na kompyuta haitakufa kwa hilo, ila dereva atasikiliza taarifa za Radio Okapi zikiwa zimejaa mikwaruzo kulingana na mzunguko wa injini. Ukipoteza E ni habari nyingine. Motor nyingi za Yamaha kwenye mitumbwi ya Kituku, palepale Keshero, hutumia buji ya B7HS, na H ni hesi fupi, milimita 12.7. Kipenyo ni kilekile, kwa hiyo ndani ya injini inayotaka milimita 19 itaingia bila ugomvi. Kisha cheche itapigwa ndani ya shimo badala ya chumbani, na hesi zilizobaki wazi zitajaa kaboni iliyoganda. Siku utakaporudisha buji sahihi, itakwama nusu ya njia, na ukilazimisha utang'oa hesi za kichwa cha silinda, ambacho kwenye 22R ni cha aluminiamu. Kinyume chake ni kibaya zaidi: buji ndefu kwenye kichwa kinachotaka fupi inaweza kugongana na pistoni.

Dereva wetu hakuingia mtego huo. Aliingia mwingine. Birere, duka jingine, alitaja herufi zote tano na tarakimu yake bila kukosea, na mbele yake zikawekwa aina mbili, zote zimeandikwa BPR5EY. Moja ilikuwa nusu ya bei ya nyingine.

"Tofauti yake nini?"

"Hakuna tofauti, papa. Hii imepita njia nyingine tu."

Mtu aliyekwisha kununua buji nne asizozitaka ana sababu ya kuchagua nusu ya bei, na sitamcheka. Ila hakufanya hata ukaguzi wa bure ambao kila mnunuzi anaweza kuufanya mlangoni pa duka. Buji halisi ya aina hii ina ringi ya chuma iliyobanwa kwenye shingo, huzunguka lakini haitoki kwa kuvutwa na vidole. Hesi zake ni laini, hazina makovu ya kukatwa. Ncha ya pembeni imesimama sawasawa juu ya ncha ya kati. Maandishi kwenye kaure hayafutiki kwa kucha yenye petroli. Na kama duka lina kipimo cha umeme, buji yenye R, ukipima kutoka juu mpaka ncha ya kati, husoma kiasi cha omu 5,000, pungufu au zaidi kidogo. Bandia nyingi husoma sifuri, kwa sababu aliyeandika R hakuweka kitu ndani.

Zikafungwa. Siku hiyo kijana wa gereji, akiwa ameudhika kwa kuonekana hajui kazi, alifungua kasha la chujio la hewa, akakuta karatasi yake imeziba kwa vumbi jeusi. Hatimaye! Ugonjwa wenyewe ulikuwa mkononi mwake. Akalitoa chujio, akalitupa, akafunga kasha tupu. "Sasa itapumua vizuri," akasema.

Na ilipumua. Moshi mweusi uliisha na gari likawa jepesi barabarani. Dereva akasifu buji mpya. Hakuna aliyemwambia kwamba sasa kila kilomita injini ilikuwa ikivuta changarawe laini ya volkano ya Nyiragongo moja kwa moja ndani ya silinda, na kwamba hewa iliyoongezeka ghafla, ikipewa buji mbaya, ingepandisha joto kuliko zamani. Wiki hiyo petroli nayo aliinunua kwa kadafi, wale wauzaji wa kando ya barabara wenye vidumu na chupa. Nyingine huwa nzuri. Nyingine imechanganywa na mafuta ya taa, na petroli iliyochanganywa hivyo haivumilii mgandamizo. Hulipuka yenyewe kabla ya zamu yake.

Akapakia saruji, akaondoka. Mpaka Sake barabara ni tambarare kiasi, na injini haikulalamika. Baada ya Sake barabara hugeuka kupanda vilima vya Masisi. Gia ya pili, gari limelemewa, mguu wa mafuta umekanyagwa mpaka chini. Hapo ukaanza mlio mkavu wa vyuma kutoka injini, mkali, wa harakaharaka, unaoongezeka akikanyaga na kupungua akiachia. Mpanda-mizigo aliyekuwa nyuma aliusikia, akagonga paa la kabini. Dereva akasema ni mawe ya barabara. Akaendelea kupanda.

Mlio ule ndio onyo la mwisho ambalo injini ya petroli hutoa. Anayeachia mafuta hapo, akarudi gia ya kwanza, akapanda polepole au akasimama, huokoa injini. Anayeendelea hupewa dakika chache. Yeye alipewa mpaka kona ya tatu au ya nne, kisha nguvu ikakatika, moshi wa buluu ukafumka chini ya boneti na oili ikaanza kurushwa kutoka kwenye bomba la kupumulia.

Fuso iliyokuwa ikishuka na mbao ilimvuta mpaka Keshero. Safari hii hakumwendea kijana. Alimwendea fundi mzee ambaye zamani alitengeneza magari ya petroli, enzi ambazo yalikuwa mengi.

"Muzee, naomba uniangalizie."

Mzee hakugusa injini kwanza. Alifungua kasha la chujio, akapitisha kidole ndani, akamwonyesha vumbi. "Nani alikuambia utembee bila filta?"

Dereva akanyamaza.

Kisha akachomoa buji. Ringi ya mojawapo ilianguka yenyewe chini. Kaure ya silinda ya tatu ilikuwa imechomeka mpaka kuwa nyeupe na kutoa malengelenge, na ncha ya pembeni ilikuwa imeyeyuka ikabaki kisiki. Chini yake pistoni ilikuwa na tundu. Mzee akamwomba dereva buji ya zamani, ile ya kwanza kabisa, akazipima zote mbili kwa kipimo cha umeme. Ya zamani, pamoja na uchafu wake, ilisoma omu elfu nne na kitu. Mpya ilisoma sifuri. Akaibana mpya kwenye jiliwa, akaipasua kwa msumeno wa chuma. Ndani ya ncha ya kati ya buji halisi mna kiini cha shaba kinachoshuka karibu na ncha, kazi yake kunyonya joto. Katika hii shaba iliishia juu kabisa. Namba 5 ilikuwa imeandikwa na mtu asiyejua au asiyejali maana yake. Kwa kuchukua joto, buji ile haikuwa namba yoyote.

"Hii njo ilikuunguzia injini," akasema mzee, "lakini haikuwa peke yake." Alikuwa anasema kweli. Buji bandia peke yake, mjini, kwenye tambarare, pengine ingekohoa tu mpaka itupwe. Ilihitaji mzigo, mlima, petroli yenye mafuta ya taa na mguu usiotaka kuachia.

Wapo watakaosema kosa ni la wauzaji. Mimi siwezi kuwabebesha mzigo wote. Yule wa kwanza aliombwa namba tano akatoa namba tano. Yule wa pili alidanganya, ndiyo, lakini alimdanganya mtu aliyekuwa na buji halisi mfukoni na hakuitoa ailinganishe. Kijana wa gereji ndiye ninayemlaumu zaidi, kwa sababu alikuwa na ugonjwa mkononi akautupa pamoja na dawa. Kuhusu gharama: pistoni, ringi, gasketi ya kichwa, kuchonga silinda zilizokwisha kukwaruzwa na vumbi, na majuma ya gari kulala juu ya mawe. Bei ya chujio la karatasi haifiki hata sehemu ndogo ya hayo.

Mzee alipofunga injini upya alifanya kazi ya buji taratibu mno kiasi cha kumchosha dereva. Injini ikiwa baridi. Pengo la kila buji lilipimwa kwa bati nyembamba, kwa sababu hata ya dukani huanguka njiani ikapinda. Akazizungusha kwa vidole mpaka ringi ikagusa chuma, kisha kwa spana nusu mzunguko na kidogo, basi. Buji mpya yenye ringi haitaki zaidi ya theluthi mbili za mzunguko, na buji iliyokwisha kufungwa zamani hutaka chini sana ya hapo. Wanaokaza kwa nguvu za mkono wote ndio wanaoleta vichwa vya silinda vyenye hesi zilizong'oka.

Kwa msomaji mwenye Hilux ya 22R: NGK BPR5EY, au Denso W16EXR-U, pengo milimita 0.8. Ukikuta BPR5EY-11, hiyo 11 mwishoni ni pengo la milimita 1.1 na si lako. Mwenye injini nyingine asome kitabu cha gari, na kama hakipo, abebe buji ya zamani mkononi mpaka dukani na asome herufi zote, si tarakimu peke yake. Na kabla hujatoka nyumbani kwenda kununua buji yoyote, fungua kasha la chujio la hewa ulitazame.